Dawa ya Goti Kwenye Mkoba wa Mgonjwa wa Presha

Ndani ya uzio wa Muhimbili, pale Upanga jijini Dar es Salaam, kuna taasisi mbili za umma ambazo karibu kila familia ya Tanzania ina mtu aliyewahi kuzifuata: Taasisi ya Mifupa, wengi huiita MOI, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Goti lina mlango wake, moyo una mlango wake, na ndivyo hospitali kubwa zilivyo popote duniani. Mgonjwa ndiye asiyegawanyika. Anaingia milango yote miwili na mwili uleule.

Tuchukue mama mmoja wa kubuni, ingawa kila mwenye duka la dawa Temeke au Likoni atadhani anasimuliwa mteja wake. Ana miaka 63. Ameuza vitenge akiwa amesimama tangu watoto wake wako shule ya msingi, goti la kulia limesagika, na ana presha. Jioni anaingia dukani, kijana wa kaunta anamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba mwanangu, kisha anasema, "Nipe zile zangu za magoti." Kijana haulizi ni zipi. Anavuta boksi, anakata kwa mkasi vidonge 10 vya diklofenaki ya miligramu 50, anavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki na kuandika juu yake 1x3.

Siku ya kliniki ya presha mama huyo anafungua mkoba mbele ya daktari. Imo amlodipini. Imo losatani iliyochanganywa na hidroklorothiazaidi, ile dawa ya kukojoza. Imo aspirini ndogo ya miligramu 75. Bahasha ya kaki imebaki nyumbani juu ya friji, maana kwa hesabu yake ile si dawa ya ugonjwa, ni ya magoti tu. Kipimo kinasoma 168 kwa 98. Daktari anamwonya kuhusu chumvi, naye anaapa kwamba chumvi aliiacha tangu Ramadhani. Inawezekana kabisa hasemi uongo.

Mazungumzo ya leo yanahusu bahasha hiyo, lakini kwanza goti lenyewe. Mitaani husemwa kwamba goti la mzee huuma kwa sababu ute umekauka, na wapo wanaouza bamia na supu ya kongoro kwa hoja hiyo. Supu ya kongoro ni tamu na haihitaji kisingizio. Goti lililosagika mara nyingi lina maji mengi kuliko kawaida, ndiyo maana huvimba. Kinachotokea katika osteoathraitisi ni kwamba gegedu, ule utando mgumu wenye kuteleza unaofunika ncha za mifupa, hupungua na kuchanika. Mfupa wa chini yake hukomaa na kuota vichipukizi pembeni. Ngozi ya ndani ya kiungo huwaka na kumwaga maji. Misuli ya paja hunyong'onyea. Kiungo chote kinaumwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 waliishi na maradhi haya, zaidi ya mara mbili ya idadi ya mwaka 1990, na milioni 365 kati yao ni wa goti. Asilimia 60 hivi ni wanawake.

Hakuna anayekufa kwa goti, watu husema, na cheti cha kifo huwaunga mkono. Kwenye cheti huandikwa moyo au kiharusi. Lakini mwaka 2011 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha matokeo ya watu 1,163 wa kusini magharibi mwa Uingereza, wote wakiwa na goti au nyonga iliyosagika kwa dalili na kwa picha ya eksirei. Walifuatiliwa kwa miaka 14 hivi. Vifo vyao vilizidi vya watu wa kawaida wa umri na jinsia yao kwa asilimia 55, na vile vya moyo na mishipa ya damu vilizidi kwa asilimia 71. Waliokuwa wakitembea kwa shida zaidi ndio waliokuwa hatarini zaidi. Miaka mitano baadaye, uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kwamba wenye osteoathraitisi wana uwezekano wa karibu mara 3 wa kuugua moyo unaoshindwa kusukuma damu. Haukukuta tofauti ya wazi kwa kiharusi wala kwa shambulio la moyo, na ni vizuri kulisema hilo, kwa sababu wanaopenda kutisha watu huliruka.

Msikilizaji mjanja atauliza: si ni kwa sababu wenye magoti mabovu ni wazee, wanene na wenye kisukari? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Uzito uleule unaolemea goti ndio unaopandisha presha na sukari. Watafiti hujitahidi kuondoa mchango wa umri na uzito katika hesabu zao, na bado kuna kinachobaki.

Sehemu ya kinachobaki iko miguuni. Mtu aliyekuwa akienda sokoni kwa miguu anaanza kupanda bodaboda hadi mlangoni. Ghorofani hapandi. Msikitini anasali kwenye kiti, kanisani anabaki amekaa wenzake wakisimama, na shamba anawaachia wajukuu. Baada ya miaka miwili moyo wake haujawahi kupigishwa mbio hata siku moja, mishipa imekuwa migumu, kiuno kimeongezeka. Kule Ontario, Kanada, kundi la watafiti likiongozwa na Gillian Hawker lililinganisha jozi 153 za wagonjwa waliofanana kwa hali zao, mmoja wa kila jozi akiwa amewekewa goti au nyonga bandia na mwenzake hajawekewa. Katika miaka 7 iliyofuata, waliowekewa walipatwa na matukio makubwa ya moyo kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 44. Haikuwa kura ya kupiga shilingi, wagonjwa walijichagua na madaktari waliwachagua, na upasuaji wenyewe huleta hatari yake ya moyo katika wiki za mwanzo. Hata hivyo mwelekeo unaeleweka: aliyerudishiwa miguu amerudishiwa na mazoezi ya moyo.

Sehemu nyingine ni ngumu kuiona. Framingham ni mji wa Massachusetts, Marekani, ambako mioyo ya wakazi imekuwa ikichunguzwa tangu 1948. Huko ilionekana kwamba watu wenye osteoathraitisi ya vidole inayouma walipata matatizo ya mishipa ya moyo mara 2 hivi zaidi ya wengine. Vidole havibebi kilo za mtu. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kuzungumza kwa sauti zaidi juu ya inflamesheni, ule mwako wa chinichini ambao mafuta ya tumboni huuchochea kwa kumwaga kemikali kwenye damu, nazo hazichagui kati ya ukuta wa mshipa na gegedu la kidole.

Ushahidi mzuri kuliko wote ulikuja kwa bahati, na ulitoka upande wa moyo. Jaribio moja kubwa liliwapa watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo sindano inayozima kemikali moja ya mwako huo, au sindano isiyo na dawa. Waliotafuta habari za moyo walizipata. Mwaka 2020 watafiti wengine wakarudi kwenye daftari lilelile wakauliza swali ambalo halikuwa limepangwa: ni wangapi walifanyiwa upasuaji wa kubadilishwa goti au nyonga? Kwa waliopewa dawa, upasuaji huo ulikuwa umepungua kwa asilimia 40 hivi. Kisha ikaja zamu ya kolkisini, dawa ya zamani ya jongo, iliyokuwa imejaribiwa kwa wagonjwa wa moyo 5,522 wa Australia na Uholanzi kwa dozi ya nusu miligramu kwa siku. Walioimeza, asilimia 2.5 walibadilishiwa goti au nyonga. Wasioimeza, asilimia 3.5.

Asikimbie mtu kununua kolkisini. Ina sumu ikizidi kidogo tu, na ilipojaribiwa Denmark kwa wenye vidole vinavyouma kwa wiki 12 haikupunguza maumivu. Dawa za kushusha lehemu nazo zilitarajiwa kulinda gegedu. Jaribio la miaka miwili nchini Australia likaonyesha hazilindi. Ndivyo sayansi hii ilivyo kwa sasa, mlango mmoja unafunguka na miwili inafungwa.

Bahasha ya kaki haisubiri utafiti mpya. Mwaka 2019, huko British Columbia, Kanada, wagonjwa 7,743 wa osteoathraitisi walilinganishwa na watu wengine mara tatu ya idadi yao. Wagonjwa walikuwa na hatari ya moyo na mishipa iliyozidi kwa asilimia 23, na watafiti walipojaribu kuipima njia inayopitiwa, walikadiria kwamba asilimia 41 ya ziada hiyo ilipitia kwenye dawa za maumivu za kundi la diklofenaki na ibuprofeni. Karibu nusu. Kwa mwandishi wa makala haya, hiyo ndiyo takwimu iliyostahili kubandikwa kwenye kaunta ya kila duka la dawa.

Dawa hizi hufanya kazi kwa kuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe. Mwingereza John Vane alieleza jambo hilo mwaka 1971 na akashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Bahati mbaya prostaglandini zina kazi nyingine za heshima. Zipo zinazozuia damu kuganda ndani ya mishipa, na zipo zinazosaidia figo kutoa chumvi na maji. Ukizifunga zote kwa pamoja goti linatulia, lakini mwili unabaki na chumvi, presha inapanda, na dawa za presha zinapoteza nguvu. Mama yetu aliacha chumvi jikoni. Figo zake ndizo zilizokuwa zikiirudisha.

Dunia ilijifunza kwa gharama kubwa. Mei 1999 Marekani iliidhinisha Vioxx ya kampuni ya Merck, na osteoathraitisi ilikuwa miongoni mwa maradhi iliyoruhusiwa kutibu. Ilisifiwa kwa kutoumiza tumbo. Mwaka 2000 jaribio la watu zaidi ya 8,000 lilionyesha kwamba waliotumia Vioxx walipata mashambulio ya moyo mara nyingi zaidi kuliko waliotumia naproksini. Kampuni ilisema naproksini ndiyo iliyokuwa inalinda moyo. Maelezo hayo yaliishi miaka minne. Jaribio jingine, lililowekwa kutazama vinyama vya utumbo mpana na kulinganisha Vioxx na kidonge kisicho na dawa, lilionyesha hatari iliyokaribia mara 2, na tarehe 30 Septemba 2004 Merck ikaiondoa Vioxx sokoni duniani kote. Ilikuwa ikiuzwa katika nchi zaidi ya 80. Mwaka 2007 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 4.85 kumaliza kesi za Marekani.

Diklofenaki haikupata kelele hizo, pengine kwa kuwa ilikuwepo zamani na ni rahisi. Lakini jinsi inavyofanya kazi inafanana na Vioxx kuliko watu wanavyodhani. Uchambuzi mkubwa uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2013 ulikusanya mamia ya majaribio: kwa dozi kubwa, miligramu 150 kwa siku, diklofenaki iliongeza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa karibu theluthi moja. Maana yake, kati ya watu 1,000 wanaoitumia mwaka mzima, watatu zaidi watapatwa na tukio kubwa na mmoja wao atakufa. Dawa zote za kundi hili ziliongeza kulazwa kwa moyo kushindwa kusukuma damu kwa karibu mara 2. Na dozi hiyo kubwa si ya maabara. Hamsini mara tatu ni mia moja na hamsini. Ndiyo ile 1x3.

Mwaka huohuo Ulaya ilikataza diklofenaki kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, moyo unaoshindwa, au aliyepata kiharusi. Uingereza iliondoa vidonge vyake kwenye mauzo ya bila cheti cha daktari Januari 2015. Wakati huo watafiti waliopekua orodha za dawa muhimu waliikuta diklofenaki katika orodha za nchi 74, na naproksini, ambayo katika uchambuzi ule haikuonekana kuongeza mashambulio ya moyo, katika nchi 27 tu. Naproksini nayo huumiza tumbo na figo, kwa hiyo si ya kumeza kama karanga.

Kuhusu figo, wachungaji wa India na Pakistani wana hadithi yao. Ng'ombe waliochechemea walichomwa diklofenaki. Walipokufa, tumbusi walikula mizoga, na tumbusi wakafa kwa figo kushindwa. Baadhi ya jamii za ndege hao zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95 kabla matumizi yake kwa mifugo hayajapigwa marufuku mwaka 2006. Binadamu si tumbusi, lakini binadamu anayemeza pamoja losatani, dawa ya kukojoza na diklofenaki ameziminya figo zake kutoka pande tatu, na madaktari wa figo wanaufahamu vizuri mchanganyiko huo. Ibuprofeni nayo ina mchezo wake: ikimezwa kabla ya aspirini ndogo hukalia nafasi yake kwenye chembe zinazogandisha damu, na aspirini inapita bure.

Anayekimbilia chupa zenye jina la mitishamba asidhani amevuka salama. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu bidhaa za viungo zinazoitwa Artri King, zilizouzwa kama virutubisho vya asili. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, bila kuandikwa kwenye lebo. Deksamethasoni hupandisha presha na sukari, na ukiizoea kisha ukaiacha ghafla unaweza kuzimia. Chupa inayoondoa maumivu ya miaka kumi ndani ya siku mbili, na muuzaji hataki kusema ina nini, inastahili kushukiwa.

Basi mtu afanye nini na goti linalouma kweli? Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unaanza na mazoezi, kwa kila mgonjwa, kisha dawa ya kupaka kwa goti. Diklofenaki ya kupaka huingiza kwenye damu sehemu ndogo sana ya ile ya kumeza. Parasetamoli haisaidii sana kwa ugonjwa huu, na wenye presha wanapaswa kujua kwamba huko Edinburgh watu 110 waliopewa gramu 4 kwa siku kwa wiki mbili walipandisha kipimo cha juu kwa karibu pointi 5. Kidonge kimoja kimoja siku ya maumivu makali si habari hiyo.

Mazoezi watu huyaogopa, wakidhani goti lililosagika litasagika zaidi. Denmark imekuwa na mpango wake tangu 2013, uitwao GLA:D, wa masomo mawili na vipindi 12 vya mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, na umeenea hadi Kanada na Australia. Kiini chake kinawezekana hata uani Mbagala: kuinuka kwenye kiti bila kushika mikono, taratibu, mara 10, na kukaa tena taratibu zaidi, kunyoosha mguu ukiwa umekaa na kuushikilia hewani, kutembea dakika chache na kuziongeza kila wiki. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika mradi kesho yake yawe yametulia. Paja likipata nguvu goti linapumzika, na presha nayo inashuka. Uzito nao una hesabu nzuri: kila kilo moja inayopungua mwilini huondoa kilo 4 za mzigo kwenye goti katika kila hatua.

Sindano mpya za kupunguza uzito zimeanza kuzungumzwa pande zote mbili. Semaglutaidi ilipunguza matukio ya moyo kwa asilimia 20 katika jaribio la watu zaidi ya 17,000 mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikapunguza maumivu ya goti kwa watu wanene waliokuwa na osteoathraitisi. Bei yake kwa muuza vitenge ni mzaha, kwa sasa.

Aliyetumia vidonge vya magoti kwa miaka mingi asiache dawa zake za presha wala aspirini aliyoandikiwa. Apeleke bahasha yake kliniki, apimwe presha na damu ya figo, aache vidonge vile kwa ushauri, kisha arudi kupimwa baada ya wiki chache. Wapo ambao watapunguziwa dawa ya presha. Na wenye kuishi naye watazame miguu. Goti lililosagika huvimba goti. Miguu yote miwili ikijaa kwenye vifundo, ukibonyeza kwa kidole gumba pakabaki shimo, na mzee ameanza kulala kwa mito mitatu kwa sababu akilala chali anakosa pumzi, huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.